Mchanga unaotikiswa angani: majibu ya maswali yenu

"Angani si hakuna graviti, chembe zinaelea tu, sasa kuna nini cha kuchunguza?" (Nyegezi, na wengine kibao)

Jamani, hili nalijibu kila mara. Graviti ipo! Kilomita 400 juu, kinakozunguka kituo cha anga cha kimataifa, mvutano wa dunia bado ni kama asilimia 90 ya huu wa hapa Mwanza, ila kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja muda wote ndo maana uzito hausikiki. Someni majibu ya nyuma kwanza.

"Nauza mchele Kirumba. Nikitikisa ndoo chenga zinazama, punje nzima zinabaki juu. Huko nako itakuwa hivyo?"

Swali zuri hili. Hapana, maana bila uzito hakuna juu wala chini. Hapa ukitikisa, nafasi zinafunguka chini ya punje kubwa na chenga zinadondokea humo, tena kuna mzunguko, punje zinapanda katikati zinashuka zikisugua ukuta wa ndoo. Watafiti walijaribu kwenye ndege inayopanda na kushuka kuiga graviti ya Mirihi na ya Mwezi, ile chembe kubwa ikapanda lakini polepole zaidi kadiri graviti inavyopungua.

Uzito ukikaribia kuisha kabisa ndo utamu unaanza. Chembe mbili zikigongana hazirudi na kasi ileile, kila mgongano unakula nguvu kidogo. Zikiwa chache kwenye boksi linalotikiswa zinarukaruka kila upande kama gesi, ila ukizijaza, za karibu na ukuta zinakimbia huku za katikati zinagongana weee mpaka zinaishiwa mwendo, linabaki bonge limetulia tuli, hakuna gundi hakuna sumaku. Mwaka 1998 roketi ya utafiti iitwayo Mini-Texus 5 ilibeba viboksi vitatu vya gololi za shaba nyeusi, kila gololi chini ya nusu milimita, na bonge likaonekana.

Na kwa kuwa umetaja biashara, ndoo iliyotikiswa inameza mchele mwingi kuliko isiyotikiswa, kwa hiyo anayepimiwa bila kutikisa anapunjwa mchana kweupe. Uzeni kwa kilo!

"Sisi wa Sengerema inatusaidia nini?"

Oktoba 2020 chombo cha anga cha Marekani, OSIRIS-REx, kiligusa asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) iitwayo Bennu, watu wakitegemea uso mgumu, mkono wake ukazama kama nusu mita kwenye kokoto zisizoshikana, na kingeendelea kuzama kama kisingewasha injini kuondoka. Chombo cha pesa nyingi vile kinaweza kupotea kwa kutojua tabia ya kokoto. Mimi naona hata huku walimu wa fizikia wawape watoto mchanga na boksi wauchunguze, wanakaririshwa fomula tu miaka yote wakati ufukwe uko palepale.

"Nikirusha juu chupa yenye mchanga je?"

Toka inapoachana na mkono mpaka unapoidaka, mchanga na chupa vinaanguka pamoja kama kile kituo, kwa hiyo uzito hausikiki. Tumia ya plastiki, na asipande mtu Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, kuangusha chupa, chini kuna watu.