Treni haina usukani, lakini breki ni za dereva

Sheikh wangu, umeuliza vipi dereva wa treni asinzie apate ajali, na reli ndiyo inayomwongoza. Reli inaonesha njia tu. Mwendo na breki ni juu ya dereva. Treni nzito haisimami kama daladala ya Bububu inayopigiwa kofi bodi: huhitaji mamia ya mita, mara nyingine zaidi ya kilomita. Akichelewa kidogo, kona imeshafika.

New York, Disemba 2013, dereva alipitiwa na usingizi, treni ikaingia kona ya kilomita 48 kwa saa ikiwa na 132. Walikufa 4. Alikuwa amehamishwa zamu kutoka mchana kwenda alfajiri, na alikuwa na maradhi ya pumzi kukatika usingizini, yalikuwa hayajagunduliwa. Pedali ya usalama, ile ambayo dereva akiiachia treni hujifunga breki, alikuwa nayo, lakini mguu wa mtu aliyesinzia unaweza kuendelea kuikanyaga vilevile!

Santiago de Compostela, Hispania, mwaka huohuo, treni nyingine iliacha reli konani kwa mwendo mkubwa, na hakulala mtu: dereva alikuwa kwenye simu, tena ya kikazi. Ndiyo maana mimi simlaumu dereva peke yake. Mitambo ya kupunguza mwendo yenyewe ipo, na pale konani haikufungwa.