Fomu ya polisi iko mezani: maswali ya madaktari vijana

Wiki hii barua karibu zote ni za madaktari, na nne zinagusa jambo moja: tiba ya kisheria, yaani uchunguzi wa kidaktari kwa ajili ya polisi na mahakama.

Nimemaliza mafunzo ya vitendo, niko Arua, Uganda. Nataka kubobea katika tiba ya kisheria, lakini ya watu walio hai. Maiti siwezi. Nisome wapi?

Kwa maiti hauko peke yako, daktari. Njia iliyozoeleka Makerere ni uzamili wa patholojia, miaka mitatu, na humo utakutana na hao hao unaowakimbia. Ukitaka walio hai, tazama nje pia. Afrika Kusini, vyuo vya madaktari bingwa (CMSA) hutahini stashahada ya tiba ya kisheria yenye mkondo wa walio hai. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, kinafundisha uzamili wa fani hii kwa kushirikiana na taasisi ya tiba ya kisheria ya jimbo la Victoria. Kabla hujatuma ada, liulize Baraza la Madaktari hapa Kampala kama litakitambua cheti chako. Wengi huuliza wakisharudi.

Kujaza PF3, fomu ya polisi ya kuchunguza majeruhi, kunahitaji shule kweli? Ni fomu tu.

Nami nilisema hivyo, mpaka siku nilipopanda kizimbani. Nilikuwa nimeandika "jeraha la kukatwa kichwani, sentimita 4". Kielelezo cha polisi kilikuwa rungu. Wakili wa mshtakiwa akaniuliza kwa upole, "Daktari, rungu hukata?" Nikanyamaza.

Lile jeraha lilikuwa la kupasuka. Ngozi ya kichwa ikibanwa kati ya rungu na mfupa hupasuka kwa mstari ulionyooka, ukadhani ni panga. Ungelipanua kidogo chini ya taa ungeona nyuzi za nyama na mishipa midogo zikivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na michubuko pembeni. Panga halibakizi nyuzi. Mimi nililishona bila kutazama, nikaandika nilichozoea kuandika.

Basi shule inakufundisha kutazama, kupima, kuchora, na zaidi ya yote kunyamaza pale ujuzi wako unapoishia. Usiandike "amebakwa", hilo ni la hakimu. Andika ulichokiona na alichokueleza mgonjwa, kila kimoja mahali pake. Wala usikadirie siku za jeraha kwa rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Kijani na zambarau hudanganya hata mabingwa.

Mimi ni mkunga, Fort Portal. Nguo za binti aliyeshambuliwa nilizifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), polisi wakanigombeza. Kosa langu nini?

Kavera hufungia unyevu, dada, na unyevu huotesha ukungu unaoharibu vinasaba. Anika kivulini, kisha kila nguo na bahasha yake ya kaki, iandikwe jina, tarehe na saa, na kila anayeipokea atie saini. Hata hivyo, kama binti alipata dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, ulifanya la kwanza kwanza. Nguo zinaweza kusubiri dakika kumi, dawa hazisubiri.

Mzazi amemleta msichana wa miaka 16, anataka nipime kama bado ni bikira, niandike kwenye PF3A, fomu ya polisi ya waliofanyiwa ukatili wa kingono. Nifanyeje?

Kataa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Kizinda hutofautiana tangu kuzaliwa, na wengi walioingiliwa hawaonyeshi alama yoyote. Mwombe mzazi akae nje kwenye benchi, kisha muulize msichana mwenyewe, polepole, kilichomleta. Kama kuna aliyemgusa, atahitaji uchunguzi wa kweli, kwa ridhaa yake. Kama hakuna, mpe maji ya kunywa na umwache aamue lini atoke nje.