Kabla hujaandika ombi la ruzuku, jua fedha zinatoka wapi

Hili ni kwako uliyeajiriwa juzi kwenye asasi ndogo ya kijamii na kukabidhiwa kazi ya kutafuta wafadhili. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naandika maombi; baadaye niliitwa kwenye kamati ya taasisi moja ya hisani, nikawa miongoni mwa wanaoyapitia. Laiti ningeambiwa mapema kwamba nijue kwanza taasisi inapata wapi fedha zake, ndipo nishike kalamu.

Taasisi ya hisani inayohudumia mji au wilaya moja si tajiri anayeamka asubuhi na kuamua ampe nani. Ya kwanza ya aina hii ilianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na mwanabenki Frederick Goff. Alichokuwa akikiona ni fedha za wosia zilizofungiwa kwenye shida ambazo hazipo tena, huku shida mpya zikikosa hata senti. Akapendekeza michango ya wengi iwekwe pamoja chini ya usimamizi mmoja, na kamati ya wenyeji iamue mapato yake yaende wapi kadiri mahitaji yanavyobadilika. Mtindo huo umeenea nchi nyingi.

Shika neno moja: mfuko wa kudumu. Fedha za mfuko huu huwekezwa kwenye hisa na hati fungani, na kinachogawanywa ni sehemu ndogo tu, mara nyingi 4 au 5 kwa kila 100 kwa mwaka. Hesabu yake kwa kawaida hupigwa kwa wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka kadhaa, ili soko likiyumba ghafla ruzuku zisiporomoke. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoacha kuwalaumu watu bure. Nilikuwa nashangaa soko limeshapanda na taasisi bado inasema mwaka huu hali ngumu. Kumbe miaka mibaya ilikuwa bado imo kwenye wastani.

Tena fedha hizo hazimo kwenye chungu kimoja. Zipo zenye masharti ya aliyezitoa: labda masomo ya ufundi tu, au watoto wenye ulemavu tu. Zipo ambazo mchangiaji bado yu hai na huendelea kupendekeza zimfikie nani. Zilizo huru kabisa huwa chache, na ndizo zinazogombewa na kila mtu. Kwa hiyo mpigie simu afisa wa ruzuku kabla hujaandika hata sentensi moja. Usione haya, ni kazi yake. Mweleze mnachofanya, umuulize kama kuna mfuko unaogusa kazi hiyo. Akikwambia hakuna, amekuokolea wiki tatu.

Sasa bajeti. Wageni wengi humalizia nguvu zote kwenye maelezo ya shida, kisha bajeti wanaijaza usiku wa mwisho. Kwenye kamati yetu wengi tulianza kwa kusoma bajeti. Nakumbuka ombi moja la chumba cha kusomea watoto, limeandikwa kwa moyo kweli kweli. Kulikuwa na vitabu 400. Hakukuwa na rafu. Hakukuwa na posho ya mtu wa kufungua mlango saa tisa na kuufunga jioni. Mwenzetu mmoja akauliza kwa upole, "Nani atakuwa na ufunguo?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu halikuwemo. Ombi likarudishwa, nami niliumia, maana watoto wale walikuwa wanakihitaji chumba hicho.

Ndiyo maana nakusihi: usifiche gharama za uendeshaji. Kodi ya ofisi, mhasibu, umeme, ukaguzi wa hesabu, vyote viandike kwa jina na uonyeshe umevikokotoa vipi. Ukivipunguza ili uonekane mwangalifu, mtakaovilipa ni nyinyi, kwa mishahara ya kuchelewa. Na mstari wa "mengineyo" uufute kabisa.

Viambatisho sitavisemea sana: cheti cha usajili, katiba, hesabu za mwaka, majina ya bodi. Viweke kwenye jalada moja tangu leo.

Ruzuku ikishaingia, watu huogopa kusema mambo yanapoharibika. Mimi pia niliogopa. Tulikuwa na darasa la jioni la akina mama. Tuliahidi 40, mwezi wa tatu wakawa wanakuja 17. Mkataba haukuturuhusu kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine bila kibali cha maandishi, na tarehe ya taarifa ya utekelezaji ilikuwa bado mbali. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: idadi ni hii, sababu ni kwamba hawana pa kuwaacha watoto, tunaomba fedha za vifaa zilizobaki zimlipe mlezi katika chumba cha pili. Nilikaa nayo siku nzima kabla ya kuituma. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: endeleeni, mtuambie mwezi ujao wamekuja wangapi. Walikuja 31.