Maswali yenu: kuandika onyesho la planetariamu kwa watoto

Tangu nitaje kwamba kazi yangu ni kuandika maonyesho ya watoto kwa ajili ya planetariamu, ule ukumbi wenye paa la kuba ambamo projekta huchora anga la usiku juu ya vichwa vya watazamaji, maswali hayaishi. Nimechukua machache.

Onyesho langu ni la dakika 30, kwa watoto wa miaka sita. Niandike maneno mangapi?

Machache kuliko unavyodhani. Mimi huanzia maneno 80 hivi kwa dakika, kisha rasimu ikikamilika nakata theluthi. Zohali inapowajia na pete zake, ukumbi mzima utalipuka kwa kelele, na sentensi yoyote uliyoiweka hapo imepotea. Kwa hiyo kwenye hati naandika "KIMYA, sekunde 10", na msimulizi haruhusiwi kuziba hilo pengo. Halafu dakika 30 ni nyingi kwa umri huo. Fanya 20, zinazobaki waachie waulize.

Taa zikizimwa, wadogo wanaanza kulia.

Basi usizime taa, acha jua lizame. Anza na anga la mchana. Jua lishuke taratibu kwa dakika tatu au nne, wekundu utande, ufifie, kisha msimulizi aulize kwa sauti ya chini: "Nani ameiona nyota ya kwanza?" Mtoto anayetafuta nyota hana nafasi ya kuogopa giza, naye atataka liongezeke ili aone nyingine.

Machweo hayo yana faida ya pili. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na kila dakika unayolipa mapema ni nyota zaidi baadaye. Ndiyo maana nakasirika nikiona hati inayorusha picha nyeupe pee katikati ya usiku. Kwa sekunde mbili za picha, macho ya wote yanarudi mwanzo.

Niliandika "tazameni kushoto", nusu ya ukumbi ikatazama kulia. Nimekosea wapi?

Viti vyenu bila shaka vimepangwa kwa duara. Kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Andika "juu ya mlango" au "kule jua lilikozama". Yalinikuta mabaya zaidi: niliandika "Nyuma yenu, Mwezi!" Watoto wote wakapiga magoti vitini, wakageuka, wakabaki wanatazamana na waliokaa nyuma yao na kucheka, huku Mwezi ukichomoza bila mtu.

Lazima kuwe na roboti au mnyama anayeongea?

Hapana. Msafiri ni mtoto mwenyewe aliyeketi pale.

Kosa gani la kisayansi linakukera kuliko yote?

Ukanda wa asteroidi, ile miamba inayolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, unaochorwa kama barabara ya mawe, chombo kikikwepa huku na huku. Kati ya asteroidi moja na nyingine kuna nafasi kubwa ajabu. Pioneer 10, chombo cha anga kisicho na watu, iliukata ukanda huo kuanzia 1972 hadi 1973, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo, ikatoka salama. Najua mawe yanasisimua. Lakini utupu nao unasisimua, ukijua kuuonyesha.

Jaribu hivi, hata kabla watoto hawajaingia ukumbini. Mpira wa kikapu ndio Dunia, mpira wa tenisi ndio Mwezi. Mwambie mmoja ausogeze Mwezi mahali pake. Karibu wote huuweka hatua moja au mbili tu kutoka kwenye Dunia. Mwache ashangae ukimrudisha nyuma hadi mita saba hivi! Jua, kwa kipimo hicho hicho, ni tufe la upana wa mita 26, karibu kilomita tatu kutoka hapo. Huna haja ya kuwasomea tarakimu tena.

Pluto niitaje vipi?

Sayari kibete, tangu uamuzi wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2006. Iseme kwa sentensi moja uendelee, ila jiandae, kwa sababu atakuwepo mmoja mwenye hasira kwa niaba yake. Binti mmoja aliwahi kuniuliza kama Pluto yenyewe imeshaambiwa. Swali hilo nililiingiza kwenye hati, nikaweka KIMYA ya sekunde tano baada yake.