Nguzo Hiyo Mliigonga Wawili

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 36, naishi Bamburi, nina watoto wawili. Mke wangu ni muuguzi, alipata leseni mwaka jana. Mwezi uliopita tulikwenda madukani Nyali, wakati wa kutoka akarudi nyuma akagonga nguzo, bampa ikapasuka, ingawa nilikuwa nimeketi kando yake namwelekeza vizuri. Tangu siku hiyo funguo naweka mimi, kwa usalama wa familia. Yeye amenuna. Sasa ameleta wazo kwamba baba yake, mzee wa miaka 71, awe anawapeleka watoto shule na hilo gari, kwa kuwa mimi asubuhi siwezi, usiku nachelewa kulala. Mzee mwenyewe anaendesha polepole mpaka tuktuk zinampita. Mimi nina miaka 12 barabarani, na zile ajali mbili, ya Mtwapa na ya Changamwe, hazikuwa kosa langu. Ndugu zangu nao wananicheka wakiona naendeshwa na mke. Mkopo wa gari anamaliza Desemba, sitaki tufike hapo gari limekuwa chuma chakavu. Nimweleweshe vipi bila ugomvi?*

*Mlinzi wa Familia, Bamburi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa bampa. Pole zangu zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nilivaa miwani, maana kuna kiherufi kilikuwa kinanikwepa. Umeandika mkopo wa gari "anamaliza" Desemba. Hukuandika namaliza. Hukuandika tunamaliza. Kiswahili hakina siri, baba. Ukimficha mwenye mali chumbani, kitenzi kinamtoa sebuleni na kumkaribisha chai. Kumbe gari linalipwa na mshahara wa mkeo, ule wa zamu na miguu kuvimba, na wewe umezikalia funguo zake ukijiita mlinzi. Mlinzi wa mali ya nani?

Tuje kwenye nguzo. Unasema ulikuwa unamwelekeza vizuri, nami nimeshaketi sana na wanaume wanaoelekeza. "Kata! Kata kulia! Si kulia hiyo, kulia ile! Njoo, njoo, njoo, simama! Nimesema simama, husikii?" Mtu leseni yake haijakauka wino, jicho moja liko kwenye kioo cha pembeni na jingine kwenye kioo cha kati, sikio moja analo askari wa maegesho anayepiga filimbi, na sikio la pili umelijaza wewe. Halafu unashangaa nguzo imetokea. Wazee wetu waliojua bahari walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mwanamke huyo siku hiyo alikuwa na nahodha mmoja wa ziada. Nguzo hiyo mliigonga wawili. Aliyepokonywa funguo ni mmoja.

Kisha nikafika kwenye Mtwapa na Changamwe. Mkeo ana nguzo moja, haina damu wala familia, umemfunga kifungo kisicho na tarehe ya kutoka. Wewe una ajali mbili na umejiachilia huru kwa nusu sentensi, bila shahidi. Nyani haoni kundule.

Najua wimbo unaokuja: wanawake kwa asili hawajui gari. Basi sikiliza. Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari alilolitengeneza mumewe Karl, akawapakia wanawe wawili, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim bila kumuaga. Ni zaidi ya kilomita 100, kama kutoka hapa kisiwani mpaka Gede hivi, na kabla yake hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la injini ya petroli. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika alimtafuta fundi viatu akazipigilia ngozi. Ukiliona Benz linakata upepo Nyali, kumbuka kwamba hilo ni jina lake pia. Na hapa kwetu, Orie Rogo Manduli aliingia Safari Rally miaka ya 1970, enzi ambazo mwanamke akishika usukani watu walitoka nje kutazama.

Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hufa barabarani kama mara tatu zaidi ya wanawake. Utaniambia ni kwa sababu wanaume ndio wengi huko barabarani. Ni kweli, hilo limo. Lakini waulize watu wa bima, ambao hawapendi mtu wala hawachukii mtu, wanapenda pesa tu. Ulaya walikuwa wakiwatoza vijana wa kike malipo madogo kuliko vijana wa kiume, kwa sababu wavulana waliwatia hasara zaidi, mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuanzia Desemba 2012 wasitofautishe tena jinsia. Unadhani wangemwonea huruma binti wa mtu?

Mimi mwenyewe nilijifunza gari nikiwa na miaka 49. Siku ya kwanza, kwenye ule ubao wa vigari vidogo, mwalimu aliniuliza kama mume wangu ameniruhusu. Wiki moja baada ya kupata leseni nilikuwa kwenye taa, karibu na Mwembe Tayari, matatu ikaja nyuma ikapiga honi mpaka mgongo ukaniuma. Konda akatoa kichwa dirishani akaniambia nirudi jikoni nikageuze chapati. Kosa langu? Taa ilikuwa nyekundu, nami nimesimama.

Ndio ujue watu wanachokiita kutojua gari. Ukisimama panapotakiwa kusimama, hujui. Ukimwachia mvuka njia apite, hujui. Ukipandisha gari juu ya njia ya miguu ukawatawanya wauza mahamri, hapo wewe ni dereva wa kweli.

Sasa baba mkwe wako. Tuktuk zinampita. Haya, zinampita, na zikishampita kimevunjika nini? Mwenda pole hajikwai. Mtu wa miaka 71 wa mji huu, kama alianza kuendesha ujanani, amelivuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji, kabla ya hili la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Wewe hujazaliwa, yeye anabadilisha gia. Björn Waldegård, yule Mswidi aliyeshinda Safari Rally mara nne, mwaka 2011 alishinda tena mashindano ya magari ya zamani, Safari Classic, akiwa na miaka 68. Mwanawe aliketi kando akimsomea njia. Akimsomea njia, mwanangu, hakumnyang'anya usukani.

Lakini simtetei mzee kimahaba. Miaka si kitu, viungo ndivyo kitu. Macho yakishaingia mtoto wa jicho, taa za magari yanayokuja usiku zinageuka jua. Shingo ikikaza, bodaboda ya pembeni haionekani. Na ziko dawa za wazee zinazoleta usingizi au kizunguzungu. Kwa hiyo mzee apimwe macho, amuulize daktari kuhusu dawa zake, na aendeshe mchana tu. Shule ni asubuhi, hapo hakuna tatizo. Na wa kumwambia haya si wewe. Mkwe hamwambii mkwe kwamba haoni. Atamwambia binti yake, taratibu, juu ya kahawa.

Nawe asubuhi huwezi kwa sababu unachelewa kulala. Sitakuuliza unakesha ukitafuna nini. Nauliza tu, kama mwanamke haruhusiwi kwa kuwa ni mwanamke, na mzee haruhusiwi kwa kuwa ni mzee, na mwanamume amelala, watoto wataendeshwa na nani? Paka?

Ndoa za siku hizi, Mungu anisamehe, zinanichosha. Mnatafuta mke mwenye kazi, mnauliza posho yake kabla ya kuuliza ukoo wake. Akilipa karo mnamwita msaidizi, akikata kona mnamwita balaa. Mshahara wake mnautaka uingie mpaka jikoni, ila mikono yake isiguse stelingi. Na nyinyi wanawake msicheke huko nyuma, nawaona. Umeendesha vizuri kutoka Jomvu mpaka Kisauni, mkikaribia kwa mama mkwe mnasimama kwenye kona, mnabadilishana viti, bwana aingie uani akiwa amekamata usukani kama aliyetoka vitani. Mama mkwe anashangilia. Wewe umekaa kushoto umekunja mikono, mkoba magotini. Mnawadanganya kina nani? Mnawafundisha wenyewe, kisha mnaniandikia mkilia.

Hao ndugu zako wanaokucheka, mwulize kila mmoja amelipa mwezi gani wa mkopo huo. Atakayetaja mwezi, mpe nafasi acheke.

Hukumu yangu ni hii. Usiku huu, kabla ya kulala (na ulale mapema), mpe mkeo funguo zake mkononi. Usiziweke juu ya meza ukatoka, hiyo si kurudisha, hiyo ni kususa. Bampa itengenezwe kwa pesa yako, maana uliilipia nusu kwa kelele. Jumapili asubuhi, mji ukiwa bado haujaamka, tafuteni kiwanja cha wazi mkapange makopo matupu, arudi nyuma kati yake mara ishirini. Wewe simama nje, mbali, mdomo umefunga. Akiliangusha kopo, nenda kaliinue, urudi pale pale uliposimama.

Mkienda safari, keti kushoto. Mkono wako ukiwashwa kutaka kushika breki ya mkono, ushikishe mfuko wa mtoto.

Na ukiniandikia tena, nieleze ile ya Mtwapa kwa urefu. Hasa ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa unatoka wapi.