Mama, Bado Hatujazima Taa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wa watoto wadogo, na karibu zote zinazunguka jambo moja: tufanyeje ili nyumba yetu iwe na sikukuu zake, na mambo yake ya kila mwaka? Nimechagua saba. Nimefupisha maneno, lakini maana yake nimeiacha ilivyo.

Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka miwili. Mume wangu anasema kumfanyia sherehe ni kujisumbua bure kwa kuwa hatakumbuka kitu. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana nusu ya ukweli. Watu wazima wengi hawakumbuki tukio lolote la kabla ya kufika miaka mitatu au mitatu na nusu hivi, kwa hiyo siku yenyewe huenda ikafutika. Lakini mtoto wa miaka miwili anajua kinachofuata. Mwimbie wimbo uleule kila mnapovaa kofia za karatasi, na baada ya mara chache atakimbilia kofia akisikia tu unaanza kuimba. Raha hiyo anaipata sasa, hasubiri ukubwa.

Kisha simulieni. Mwanasaikolojia Robyn Fivush na wenzake wameonyesha kwamba watoto ambao wazazi wao huzungumza nao kwa kina kuhusu mambo yaliyopita huja kuyaeleza maisha yao kwa undani zaidi. Basi usiishie kwenye "Unakumbuka?" akajibu ndiyo, mkanyamaza. Muulize, "Nani alikalia mapambo? Babu akasemaje?" Kwa sasa atajibu neno moja. Malizia wewe.

Mimi na mke wangu sote tumekulia kwenye nyumba ambazo sikukuu ilikuwa siku kama siku nyingine. Tunataka watoto wetu wapate tofauti, ila hatujui tuanzie wapi.

Anzieni kwenye mnachokifanya tayari. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipitia tafiti za miaka 50 kuhusu familia, wakatenganisha utaratibu na mila. Utaratibu ni kazi inayotakiwa kufanyika, ikiisha, imeisha. Mila inabeba maana, inasema sisi ni akina nani. Kuoga kabla ya kulala ni utaratibu. Baba akibisha hodi bafuni kila Ijumaa akijifanya mvuvi anayetafuta samaki wake, hapo tunazungumza mengine.

Kwangu ilianza kwa bahati mbaya. Mkesha mmoja wa mwaka mpya nilishinda nikipamba sebule, na giza lilipoingia tu umeme ukakatika. Nilikasirika nusura nilie. Tukawasha tochi, na mwanangu wa miaka minne akaanza kuchezesha vidole mbele ya ukuta: sungura, mbwa, na kitu alichosema ni mamba ingawa mimi niliona kiganja tu. Mwaka uliofuata umeme ulikuwepo, mapambo yapo, wageni wamejaa. Saa mbili usiku nikamkuta amesimama kwenye swichi. "Mama, bado hatujazima taa." Nilipamba nini miaka ile, sikumbuki. Taa tunazima hadi leo, na mamba bado hana mkia.

Kwa hiyo sikukuu ijayo fanyeni vitu viwili vitatu vidogo, halafu tulieni. Mwaka unaofuata mtoto atadai kimoja. Kishikeni hicho, vingine viacheni vife bila matanga.

Mwanangu wa miaka minne huniuliza kila asubuhi kama sikukuu ni leo. Nikisema bado wiki mbili, analia.

"Wiki mbili" kwake haishikiki. Kwa mtoto wa umri huo, "jana" inaweza kuwa asubuhi ya leo au mwaka juzi. Kata vipande vya karatasi, gundisha mnyororo wa pete, pete moja kwa siku, na kila jioni achane moja kwa mkono wake. Siku 10 zinatosha. Mnyororo wa siku 40 ni adhabu. Kama mnasubiri Idi, pete ya mwisho ipakeni rangi yake: mwezi ukiandama inachanwa, usipoandama inangoja kesho. Na akikua akauliza mbona Idi haitulii kwenye kalenda ya ukutani, mwambie mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka.

Vitabu vya watoto vimejaa theluji na majani yanayopukutika. Kwetu hayapo. Tusherehekee majira gani?

Yaliyopo nje ya dirisha lenu. Desemba ya theluji ni ya kaskazini mwa dunia. Kusini wakati huohuo ni majira ya joto, na karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Chagueni mti mmoja mnaoupita kila siku, mpigeni mtoto picha chini yake kila unapochanua. Mvua ya kwanza ikinyesha, tokeni miguu mitupu (radi ikianza, rudini ndani). Au chukueni mwezi mpevu, unaorudi baada ya siku 29 na nusu hivi. Aliyeishi miaka miwili tu, kumwambia asubiri mwaka ni kumwonea.

Nimeachana na baba watoto. Sikukuu hii wanakuwa kwake, na najiona kama nimenyang'anywa.

Pole sana, mama. Uchungu huo ni wako, usiwabebeshe. Fanya yenu siku tatu baadaye, na kila kitu kiwe kilekile: wimbo wenu, kitambaa chenu cha meza. Mtoto mdogo hasomi kalenda. Na usije ukawauliza wapi kulinoga zaidi.

Nina mtoto anayetambaa. Mapambo gani niyaogope?

Maputo, kwanza. Kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni huziba pumzi. Pili, kadi zinazoimba na vitaa vidogo vyenye betri za duara, mfano wa kifungo cha shati: ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ukishuku tu, kimbia hospitali, usisubiri dalili.

Mkubwa wangu ana miaka tisa, ameanza kusema sherehe zetu ni za kitoto.

Mhamishie upande wa waandaaji. Mpe siri ambayo mdogo wake haijui, awe ndiye anayeficha zawadi. Wangu alipofika umri huo aligoma kukaa sakafuni kutazama vivuli, nikampa tochi ashike. Hazikupita dakika kumi nikamsikia gizani akimfokea mdogo wake: "Sungura hawi hivyo! Kunja kidole."