Jambia dogo la mtindo wa kale kwa tupa na jiliwa: kazi iko kwenye wembamba

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kutengeneza jambia dogo la makali mawili, la mtindo wa Ulaya ya karne ya 15, akiwa na tupa, jiliwa na drili ya mkono tu. Inawezekana kabisa. Nimetengeneza kadhaa kwa njia hiyo, na ninalolipenda kuliko yote halikupita kwenye mashine ya kusaga hata kidogo. Ila kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo hukuliuliza na ndilo kubwa zaidi: umesema ubapa uwe na unene wa milimita 6 kutoka kwenye mpini hadi karibu na ncha. Usifanye hivyo. Hapo ndipo majambia mengi ya kuiga yanapoharibikia.

Ubapa wa kale haukuwa kipande cha chuma chenye unene mmoja. Unaanza na unene wa kutosha penye mkono, kisha unapungua pole pole kuelekea nchani, na upungufu huo ndio unaofanya jambia liwe jepesi na litulie kiganjani. Kwa ubapa wa sentimita 18, mimi huanza na milimita 5 penye kinga ya mkono na kushuka hadi 2 na nusu karibu na ncha, upana milimita 25 tu. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo. Ukilishika, utaijua mara moja.

Kuhusu chuma, achana na springi ya gari kuukuu kwa kazi ya kwanza. Ni feleji nzuri, sikatai, lakini imeshatumika miaka na inaweza kuwa na nyufa usizoziona mpaka siku unaizamisha kwenye mafuta ikiwa ya moto ili iwe ngumu. Tafuta feleji mpya ya aina ya 1084. Ina kaboni karibu asilimia 0.84, haina makuu, na inamsamehe mtu asiye na tanuri la kupimia joto.

Sasa mstari wa katikati ya ukingo, unaoonyesha makali yatakapokaa. Chukua ncha ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa chuma chako, milimita 5 kwa 5, ilaze mezani pamoja na chuma, kisha buruta ukingo wa chuma kwenye kile kincha chake. Kincha kiko nusu kamili ya kimo, kwa hiyo kitachora mstari katikati ya ukingo. Geuza chuma, chora tena. Mistari miwili ikilingana, umepata. Paka wino wa kalamu nene kabla ya kuchora ili mstari ung'ae.

Punguza unene kwanza, ndipo uanze miteremko ya makali. Miteremko, yaani nyuso zinazoshuka kutoka mgongo wa kati wa ubapa hadi kwenye makali, ni minne, na kosa la wengi ni kumaliza mmoja kabla ya kugusa mwingine. Piga tupa kidogo huku, hamia ulio mkabala nao upande wa pili, kisha miwili iliyobaki, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiegemea upande mmoja, mgongo wa kati utahama, na baadaye ubapa utapinda ukiingia kwenye mafuta. Sukuma tupa mbele tu, iinue unaporudi, na isugue chaki ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno na kukuchorea mikwaruzo. Kila baada ya muda simama chini ya taa, uinamishe ubapa, utazame ule mstari wa mwanga kwenye mgongo. Penye kona mwanga utavunjika. Mimi naamini jicho hapo kuliko kipimo chochote.

Makali yaache na unene wa milimita moja hivi. Mabega ya msuka, yaani pale ubapa unapokutana na sehemu inayoingia kwenye mpini, yamalizie kwa tupa ya mviringo ili kona iwe na duara dogo. Kona kali ya mraba ni mwaliko wa ufa.

Kwa moto, matofali machache yanayohimili joto na tochi moja au mbili za gesi zinatosha kwa ubapa wa ukubwa huu. Fanya nje, glavu mkononi, mafuta kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko wake wa chuma pembeni, maana yanaweza kuwaka. Chuma kikiacha kushikwa na sumaku, ni karibu nyuzi 770. Ongeza joto kidogo tu, hadi 815 hivi. Zamisha kwenye mafuta ya mboga yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ncha ikitangulia, wima, bila kuyumbisha kushoto na kulia. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kula chuma, umefaulu. Usikae na ubapa huo hivyo mpaka kesho, huvunjika upesi kama kioo. Uingize kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, upoe, urudie. Kisha funga ubapa kwa kitambaa kibichi na uchome msuka peke yake mpaka uwe wa bluu, ulainike.

Kinga ya mkono toboa matundu kwa mstari, kisha yaunganishe kwa tupa ndogo yawe tundu moja la kupitisha msuka. Jaribisha, toa, piga tupa, jaribisha tena, mpaka mwanga usipite kati yake na mabega. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sijutii.

Mpini fanya wa mbao ngumu. Meli ya kivita Mary Rose ya mfalme Henry VIII ilizama mwaka 1545 na ikaopolewa 1982. Majambia mengi yaliyokutwa humo bapa zake zimeliwa na kutu, lakini mipini ya mbao imebaki. Tafuta picha zake kabla hujachonga wako, uone jinsi ilivyo myembamba mahali pa vidole. Msuka upite mpini wote, utokeze milimita 3 juu ya kichwa chake, halafu uufue kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kuzunguka, mpaka usambae kama kichwa cha ribiti.

Ala ya ngozi shona mshono ukiwa nyuma, ngozi ikiwa imeloweshwa na ubapa umefungwa nailoni. Ikishika umbo, toa jambia, uiache ikauke yenyewe. Na jambia usilihifadhi humo muda mrefu: ngozi hushika unyevu, na feleji ya kaboni haichelewi kutu. Lipake mafuta, liweke nje ya ala.